Apu ya kugawana gharama na marafiki: msichague inayopendeza kwenye simu yako, chagueni itakayofunguka kwenye simu dhaifu kuliko zote

Wakuu habari za jioni. Hii mada nimekaa nayo kichwani tangu tuliporudi kutembea maporomoko ya Sipi, leo nimepata nafasi, wacha niandike yote hata kama itakuwa ndefu.

Sisi ni watano. Wawili tunakaa nyumba moja Bweyogerere, mmoja yuko Ntinda, mmoja ana duka la vitenge mjini Kampala karibu na soko la Owino, na wa tano ni mdogo wetu Mkongo aliyetoka Bunia, anasoma huku anafanya vibarua. Tunaongea Kiswahili maana ndo kinachotuunganisha, mmoja Mteso, mmoja Mgisu, mi wa Busia, Kiganda kila mtu anakijua kwa kiasi chake. Urafiki wetu una miaka, na kitu kilichokaribia kuuvunja si mwanamke wala siasa, ni pesa ndogo ndogo. Ile ya "we lipa sasa hivi, nitakurudishia".

Zamani tulikuwa sita. Huyo wa sita ndiye alikuwa anashika daftari, na safari moja ya Jinja hesabu ikagoma, elfu arobaini na saba hazionekani. Mi nikamuuliza mbele ya watu. Akasema aliweka mafuta kwenye gari asubuhi ile tukiondoka, mi nikasema sikumbuki hayo mafuta, akanyamaza, akatoa pesa yake mfukoni akaweka mezani akaondoka. Baada ya kama miezi miwili nikasafisha begi langu nikakuta risiti ya mafuta, tarehe ile ile, alinipa mimi niitunze. Nilimpigia nikamwomba msamaha, akapokea vizuri, lakini kwenye mambo yetu hakurudi tena. Kwa hiyo ninapoandika hapa kuhusu apu msidhani napenda tu vitu vya simu. Mi nilimpoteza ndugu kwa sababu ya karatasi moja.

Sasa twende kwenye Sipi. Nitatumia namba za mviringo ili kila mtu afuate. Wa Ntinda alilipa gari na mafuta 400,000. Mimi nikalipa malazi 350,000. Wa duka akalipa chakula chote, kuanzia wale kuku wa kijiti na gonja (ndizi za kuchoma) wa njiani Namawojjolo mpaka chai ya mwisho Mbale, 180,000. Mwenzangu wa nyumbani akalipa viingilio na kijana wa kutuongoza kwenye yale maporomoko matatu, 70,000. Mdogo wetu Mkongo hakulipa kitu njiani, na alisema mapema kabla hatujaondoka kwamba pesa yake inaingia mwisho wa mwezi, tukakubali. Jumla 1,000,000, kila kichwa 200,000.

Hapa ndo watu wanapochanganyikiwa. Ukifuata njia ya zamani, kila aliyelipa anadai wenzake wanne sehemu yao. Walipaji wanne, kila mmoja anadai watu wanne, ni madeni kumi na sita. Hata mkikata kwa kata, yani mi nakudai na we unanidai tunatoa tofauti, bado yanabaki kumi, kila mtu na kila mwenzake. Apu inaangalia kitu kimoja tu, we umetoa ngapi na ulitakiwa kutoa ngapi. Wa Ntinda amezidisha 200,000, mi nimezidisha 150,000, wa duka amepungukiwa 20,000, mwenzangu 130,000, mdogo wetu 200,000. Basi mdogo wetu anamtumia wa Ntinda 200,000, mwenzangu ananipa 130,000, wa duka ananitumia 20,000. Mara tatu tu, imeisha. Na hii sio bahati, watu watano wakipangwa vizuri hawawezi kuzidi mara nne, watu kumi hawazidi mara tisa.

Kwa wenzetu wa nchi ambazo kutumiana pesa ni bure hii ni raha tu, hesabu imekaa safi. Kwa sisi wa MoMo (pesa za simu za MTN) na Airtel Money kila ukituma kuna makato, anayepokea akienda kwa wakala kuna makato mengine, na juu yake serikali inachukua 0.5% ya kinachotolewa. Mnakumbuka mwaka 2018 ilivyoanza ni 1% na ilikuwa inakata karibu kila mahali, watu wakapiga kelele, ikashushwa ikabaki kwenye kutoa peke yake. Sasa piga picha madeni kumi yanatumwa mara kumi na kutolewa mara kumi. Kupunguza idadi ya kutumiana kwetu ni pesa inayobaki mfukoni, kwa hiyo apu yoyote isiyoweza kupanga madeni namna hiyo mi siitaki hata kama ina rangi nzuri.

Lakini mdogo wetu alikataa mwanzoni, na hoja yake ilikuwa ya haki. Aliuliza mbona nimlipe wa Ntinda peke yake wakati chakula nilikula cha wa duka na nililala kwa pesa yako? Alihisi kama anamwacha mtu na deni. Nilimkalisha nikamwandikia kwa kalamu, sehemu yako kwangu ni 70,000, kwa wa duka 36,000, kwa mwenzangu 14,000, kwa wa Ntinda 80,000, jumlisha utapata 200,000 ile ile, sema tu zote tumezielekeza kwa mtu mmoja na sisi wengine tutamalizana. Akaelewa. Nawashauri mfanye hivyo kabla ya safari, mtu asije akaona jina asilolitegemea kwenye simu akadhani anaibiwa.

Sasa apu zenyewe, nasema zile nilizozishika.

Splitwise ndo maarufu, ni ya Marekani, ipo tangu 2011. Ile kazi ya kupunguza madeni inaifanya vizuri, mnaweza kuiwasha au kuizima kwenye kundi lenu, na kugawa inakubali kila namna, sawa kwa sawa, asilimia, kiasi kamili, mafungu. Mi niliipenda sana. Shida ni kwamba ya bure siku hizi imewekewa kikomo cha gharama unazoweza kuingiza kwa siku, na vitu kama kusoma risiti kwa kamera na kubadilisha sarafu ni vya kulipia. Kwa nyumba ya kupanga, ambapo unaandika Yaka (umeme wa kulipia kabla) leo, takataka keshokutwa, haina neno kabisa, hutafika kwenye kikomo. Kwa safari imetushinda. Siku ya kwanza ya Sipi tu kabla ya saa nane mchana tulikuwa tumeshanunua maji, kuku, chapati, mafuta, maegesho, vocha, ikagoma kupokea zaidi, na ukishaanza kusema "hii nitaiandika kesho" umerudi kwenye daftari.

Tricount ilianzia Ubelgiji, baadaye 2022 ikanunuliwa na bunq, benki ya kule Uholanzi. Hii ndo tuko nayo sasa. Unafungua kundi, unaandika majina yote, unarusha linki kwenye WhatsApp, kila mtu akifungua anachagua jina lake. Haina kikomo cha gharama na ni ya bure. Kwa kundi lenye watu wagumu kushawishi hii ndo nyepesi kuliko zote nilizoona.

Splid ni ya Wajerumani na uzuri wake ni mkubwa kwa mtu anayekwenda mahali mtandao unakatika, unaweza kuitumia bila mtandao kabisa na haikuulizi ujiandikishe. Mwisho inakutolea muhtasari wa PDF au Excel unautuma kwa wote. Njia ya kwenda Kapchorwa, kule kwenye Sipi, kuna kona mtandao unapotea, na wengi wetu hapa tunakumbuka Januari 2021 siku za uchaguzi intaneti ilipozimwa nchi nzima, yani apu inayohitaji mtandao kila dakika mi siiamini moja kwa moja.

Settle Up ya Wacheki ina kitu kimoja ambacho wenye familia wataipendea, unaweza kumpa kila mtu uzito. Ukija na mke na mtoto uzito wako unakuwa mbili na nusu, wa peke yake moja, inagawa yenyewe. Ya bure ina matangazo lakini unayazoea.

Halafu kuna Spliit, hii sio ya kupakua, unafungua kwenye brauza tu kama ukurasa wa kawaida, hakuna akaunti, msimbo wake wa programu uko wazi yeyote anaweza kuusoma. Kwa mwenye simu iliyojaa hiyo ndo dawa. Ila mjue yeyote mwenye linki anaingia na anaweza kubadilisha, kwa hiyo linki isizagae kwenye grupu la watu mia mbili.

Hapo nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Sisi tulipoteza wiki nzima tunabishana ipi bora, kila mtu anatuma skrinshoti, kumbe anayeamua ni mdogo wetu. Simu yake ni ndogo, nafasi imejaa, bando ananunua la siku, na imeili hata haikumbuki nywila. Splitwise tuliiweka sote wanne, yeye akawa anatuambia kwa mdomo tumwandikie, na ndani ya siku kumi tukawa tumesahau vitu vyake viwili, alinunua mkaa na alinunua sabuni, hakulalamika, alinyamaza tu. Na mi nikaona ile sura ya ndugu yetu wa sita. Kunyamaza kule nilikuwa nakujua. Siku hiyo hiyo nikasema tunahama, tunakwenda kwenye ile itakayofunguka kwenye simu yake kwanza, halafu sisi wenye simu nzuri tutajibana.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua, usianze na nyota za kwenye duka la apu. Chukua simu ya yule mwenye hali ngumu kuliko wote kwenye kundi, ijaribu pale, mbele yake, mwache yeye mwenyewe aingize gharama moja kwa mkono wake. Akiweza bila kuuliza mara tatu, hiyo ndo yenu. Na angalieni isije ikawalazimisha kuingia kwa Facebook, maana tangu Januari 2021 kwetu Facebook haifunguki bila VPN na VPN nayo inakula bando.

Jambo jingine ni sawa kwa sawa. Banange hii imegombanisha watu wengi. Kwenye kundi letu wawili hawanywi pombe wala hawali kitimoto, na mmoja wao ni Mwislamu. Usiku wa Mbale, kando ya ile milioni ya juu, sisi watatu tulikunywa na kula kitimoto kwa 90,000, ukigawa kwa watano kila mtu 18,000, yani mtu anatozwa kitu ambacho dini yake inamkataza hata kugusa. Kwenye apu unaondoa tiki kwenye majina mawili, inakuwa 30,000 kwa watatu, sekunde tano. Kabla ya apu tulikuwa tunaona aibu kusema, na wao walikuwa wanaona aibu kudai, miaka yote hiyo wamekuwa wakitulipia bia. Nilipogundua hilo niliona vibaya sana.

Na makato ya kutuma andikeni pia kama gharama. Anayetuma 200,000 na akaongeza pesa ya kutolea ili mwenzake apate kamili ametoa zaidi ya deni lake. Hiyo nyongeza ingizeni kwenye apu igawanywe kwa wote, au mkubaliane mapema kwamba anayedaiwa anabeba kutuma na anayedai anabeba kutoa. Sisi tumechagua ya pili. Mwenzangu tunaokaa naye alinipa zile 130,000 mkononi na wakala hakuona kitu, kama mnaonana kila siku fanyeni hivyo.

Shilingi yetu haina senti. Chapati na chai za 10,000 mkigawa kwa watatu apu itasema 3,333 na mmoja 3,334, na hizo namba hakuna anayezituma. Tunazungusha mpaka mia ya karibu wakati wa kulipana, anayepoteza leo kesho atapata.

--- 

Nimerudi, nimeona maswali, najibu yale niliyo na uzoefu nayo.

"Ndugu, hizi apu zinaweza kumtoza mtu moja kwa moja kwenye MoMo?" Hapana mkuu. Nilizozitaja hazijaunganishwa na pesa za simu za hapa kwetu. Zinaandika tu nani anamdai nani, pesa mnatumiana wenyewe kwa *165# ya MTN au *185# ya Airtel kama kawaida, halafu unaingia kwenye apu unaandika kwamba nimelipa. Na hapo angalieni jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, deni la apu halifutiki kwa sababu ulimtumia mtu mwingine kwa bahati mbaya. Na hakuna apu yoyote ya kugawana gharama inayohitaji PIN yako ya MoMo. Ikiuliza, ifute.

"Dada zangu wana nigiina ya watu kumi na mbili, wanaweza kutumia Tricount?" Mi nasema wasitumie. Nigiina, au upatu kama wanavyosema Watanzania, ni zamu, kila mtu anatoa kiasi kile kile na mmoja anapokea. Hizi apu zinahesabu gharama iliyokwisha kutumika, ukiingiza mchango wa zamu itaanza kuonyesha kila mtu ana deni kubwa na mama mmoja ataogopa bure. Kwao daftari na mweka hazina wawili wanaotazamana ni bora. Vivyo hivyo michango ya harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kwa wazazi wa binti), ile ni ahadi na zawadi, sio deni la kugawana, usije ukamwekea mjomba wako kwenye apu kwamba anadaiwa.

"Kaka, na kama mmoja ana simu ya tochi kabisa?" Hili nimelipenda sana. Jina lake liwekeni kwenye kundi kama la wengine, na mmoja wenu, mmoja tu anayejulikana, ndo awe anamwandikia. Kila jioni amsomee kwa sauti vile alivyomwandikia siku hiyo, na mwisho amtumie SMS ya jumla yake. Tungefanya hivi kwa mdogo wetu tangu mwanzo ule mkaa usingepotea. Kusoma kwa sauti kunasaidia hata nyinyi wenye simu kubwa, mtu anasikia "gonja elfu nane" anasema aah hiyo ilikuwa kumi.

"Mbona msitumie Google Sheets, bure na wote tunaijua?" Tumetumia, dada. Nyumbani kwa Yaka na kodi bado tunayo maana hayo ni malipo matatu manne kwa mwezi na mwenzangu anapenda kuona mwaka mzima kwenye ukurasa mmoja. Njiani haifai. Kwenye kioo kidogo vidole vinagusa kisanduku kisicho chake, mtu anafuta fomula bila kujua, na jumla inakwenda kombo wala hakuna anayeona mpaka siku ya mwisho.

"Kuna mtu kwenye kundi letu anaingiza gharama za uongo." Hapo apu haikusaidii mzee, itakuonyesha tu nani kaandika nini. Sisi tuna sheria, zaidi ya 20,000 piga picha ya risiti au ya ujumbe wa MoMo uweke kwenye grupu la WhatsApp saa ile ile. Sokoni Kalerwe hakuna atakayekupa risiti ya nyanya, hapo unataja bei mbele ya mwenzako mmoja ukiwa unalipa. Na ukiwa na shaka muulize pembeni, peke yake, nakuomba sana. Usimuulize mbele ya watu kama mimi. Umpe siku mbili tatu, na kabla hujamuuliza kagua mifuko yako mwenyewe.

Aliyeuliza kama ndugu yetu wa sita tumemwalika, ndiyo. Mwezi ujao tunapanga Kalangala, tutavuka kwa feri ya Bukakata, nimemwandikia jina lake kwenye orodha na linki nimemtumia yeye peke yake, sikuweka kwenye grupu. Ameisoma. Bado hajachagua jina, na mi sijamsukuma.

Mimi nilichokwama ni sarafu. Kuna jamaa yetu wa upande wa pili, Busia ya Kenya, anataka kuja nasi na yeye atakuwa analipa vitu vingine kwa shilingi ya Kenya kabla ya kuvuka. Tumebishana tutumie bei ya siku aliyolipa au bei aliyobadilishia pale mpakani kwa wale wa kubadilisha pesa, maana hazilingani. Mi naona ya mpakani, kwa kuwa ndo pesa halisi aliyotoka nayo mfukoni, wa duka anasema ya siku, na hoja zake zina uzito. Kama kuna aliyewahi kuchanganya hizi shilingi mbili ndani ya kundi moja na mkamaliza bila maneno, naomba aandike hapa mlivyofanya.